Filimbi ya Pili

Kila Jumatano baada ya masomo, Chiriku aliketi mwisho wa safu ya pili katika chumba cha muziki. Kushoto kwake palikuwa na ukuta, kulia binti wa fundi cherehani, mwenzake wa filimbi ya pili. Wenzake walimpa jina la Chiriku kwa kuwa mdomo wake haupumziki, lakini chumbani humo alitulia kama maji ya mtungi. Alikuwa na siri: hakujua kusoma nota.

Mwalimu alipozifundisha, yeye alikuwa akipiga soga. Tangu hapo alimsikiliza jirani yake na kumfuata nyuma nyuma. Masikio anayo, hilo tusimnyime.

Jumatano hiyo, siku tatu kabla ya onyesho la wazazi, kiti cha kulia kilikuwa kitupu.

"Mwenzako ana homa," mwalimu alisema. "Filimbi ya pili leo ni wewe peke yako."

Chiriku akatafuta pa kutorokea. Mlango ulikuwa ng'ambo ya viti vinne na ngoma kubwa. Filimbi ya kwanza ilipiga, ikanyamaza kungoja jibu. Kimya. Wakarudia. Kimya tena.

"Chiriku kameza ulimi," mpiga ngoma akatania.

Alikuwa tayari kusema filimbi imeziba. Ndipo akamwona mpiga fidla mdogo, upinde bado hewani, akimngojea yeye. Aibu ikamshika.

"Mwalimu, sijui nota. Siku zote namfuatisha mwenzangu."

Mwalimu akavua miwani. "Kumbe. Nilikuwa nashangaa kwa nini filimbi ya pili ina mwangwi." Akaketi kwenye kile kiti kitupu. "Ni mistari minane tu, mwanangu. Na wewe mpiga ngoma unayecheka, njoo umgongee mapigo."

Siku mbili zilizofuata, mapumziko yote yaliishia humo, hadi midomo ikamuuma.

Jumamosi, siku ya onyesho, binti wa fundi alirudi, bado mnyonge. Katikati ya wimbo akapotea. Chiriku hakusita, akaendelea na mistari yake, akipuliza kwa nguvu kidogo, mpaka akasikia filimbi ya mwenzake ikirudi taratibu kando ya yake.

Baadaye mwalimu alimwita pembeni.

"Kusikiliza wenzako unakuweza kuliko wote humu," alisema. "Lakini ujifunze na sehemu yako mwenyewe. Leo mwenzako amepotea, akapata pa kushika. Jumatano iliyopita angeshika nini?"

Chiriku akachukua karatasi ya wimbo unaofuata, akaketi na kuanza kuzisoma nota.