Nyumba Sita, Nguzo Nne

Kyabu na mume wake, Isaïe, walikaa na watoto wao katika kijiji kidogo ng'ambo ya reli, karibu na mji wa Kamina. Mwaka ulikuwa 1956. Isaïe alikuwa fundi wa kushona nguo. Kyabu alikata vitambaa, alitia vifungo, alipiga pasi ya makaa. Jua lilipozama, waliwasha taa ya mafuta na kuendelea na kazi.

Taa hiyo ndiyo iliyowatesa. Moshi wake ulichafua vitambaa vyeupe. Siku moja masista wa misioni walirudisha blauzi iliyokuwa na masizi begani. Hawakugomba. Walisema wangependa kumpa Isaïe kazi kubwa: sare za wasichana wote wa bweni, kabla ya shule kufunguliwa Septemba. Lakini kila nguo lazima iwe safi. Isaïe hakuwahi kupata kazi kubwa kama hiyo. Aliomba muda kidogo wa kufikiri.

Mjini umeme ulikuwepo. Nguzo ya mwisho ilisimama pale barabara inapokata reli, na kutoka nyumbani kwao waliiona. Isaïe alikwenda ofisi ya umeme kuuliza bei ya kuuvuta mpaka kwake. Karani alikuja kupima njia, kisha akamwambia bei. Ilizidi bei ya cherehani mbili mpya. Isaïe alirudi nyumbani amevunjika moyo. Hata chakula hakugusa.

Baadaye alikutana sokoni na mtu mmoja aliyejiita fundi. Mtu huyo alisema ataiba umeme kwenye nguzo ile, atapitisha waya juu ya miti, na bei itakuwa ndogo sana. Isaïe alimwambia aje Jumamosi, na habari hiyo ikaenea kwa majirani.

Kyabu hakupenda maneno hayo. Walikuwa na jirani, Ngalamulume, mtu wa Kasai, aliyekuwa fundi wa nyaya za umeme kwenye stesheni ya reli. Kyabu alipika bukari, ugali wa kwao, na samaki waliotoka mji wa Bukama, akamwalika. Walipokwisha kula, alimwomba mume wake aeleze habari yote. Ngalamulume alisikiliza, kisha akauliza: ile bei kubwa ilikuwa bei ya vitu gani? Isaïe hakujua. Hakuwa ameuliza.

"Baba Isaïe, rudia kule," Ngalamulume alisema. "Uulize nguzo iko bei gani, waya bei gani, taa za ndani bei gani. Kuuliza hakuna kulipa franga."

Kesho yake mume na mke walikwenda ofisini pamoja. Karani aliwaeleza bila haraka. Kumbe vitu vya ndani ya nyumba, yaani taa, nyaya na kisanduku cha kupimia umeme, vilikuwa sehemu ndogo tu. Pesa nyingi zilikuwa za nguzo nne na waya mrefu wa barabarani.

Wakati wa kurudi Kyabu alitembea polepole, akitazama nyumba za safu yao. Nyumba nyingine tano zilikuwa kati ya reli na kwao. Nguzo zingepita mbele ya milango hiyo yote.

"Sasa juu ya nini tulipe nguzo peke yetu?" aliuliza. "Nguzo njo zitapita kwa bantu bote. Tulipe bote."

Alianza siku ileile kuwaomba majirani wachangie, mlango kwa mlango. Familia nne zilikubali. Mmoja alitaka taa ya duka lake, mwingine alitaka watoto wasome jioni. Nyumba ya tano ilikuwa ya Mbuyu, mjane. Yeye alikataa. Bila sehemu yake, bei ya kila mmoja ingepanda, na familia mbili zilisema basi na wao watajitoa.

Mbuyu hakuwa mchoyo. Alikuwa na hofu. Kaka yake aliuawa na nkuba, radi ya masika, akiwa shambani kwake. Mbuyu ndiye aliyemkuta. Aliamini kwamba waya ukipita kwake utaiita nkuba ije tena.

Kyabu hakubishana naye. Alimwomba Ngalamulume aje, na Isaïe akafuatana nao. Ngalamulume hakumcheka mjane. Aliwapeleka wote mpaka nguzo ya mwisho, akawaonyesha waya mmoja ulioshuka kutoka juu na kuingia udongoni.

"Mama, minyi siwezi kukudanganya," alisema. "Hakuna muntu anaamuru nkuba. Lakini nguvu ikizidi huku juu, hii waya inaipa njia ya kuingia mu udongo. Na kwa nyumba yako tutazika ingine. Mvua ikiwa kali, usishike waya wala kisanduku."

Mbuyu aliutazama waya ule kutoka juu mpaka chini. Kisha akauliza:

"Na ile ya bei kidogo, ya kupitisha juu ya miti, nayo iko na waya ya udongo?"

"Hapana, mama. Njo sababu iko bei kidogo. Ile inaweza kuua muntu hata bila mvua."

Isaïe aliinamisha kichwa. Alifikiria watoto wake wanavyocheza chini ya miti ile. Siku hiyohiyo alikwenda sokoni kumwambia yule mtu asije.

Mbuyu alikubali. Tena, yeye mwenyewe alikwenda kwa zile familia mbili, akawaambia: "Kama minyi nimeingia, weye unaogopa nini?" Familia zote mbili zikarudi.

Watu wa nyumba sita walikwenda ofisini siku moja. Kila mmoja alilipa sehemu yake mezani kwa karani, na kila mmoja alirudi na risiti yake. Isaïe na Kyabu hawakutaka mengi: taa mbili tu, moja ya chumbani na moja juu ya cherehani. Isaïe akaenda kwa masista, akachukua kazi.

Siku umeme ulipowashwa, watu wa kijiji kizima walijaa barabarani. Taa za nyumba sita ziliwaka kwa pamoja. Wanawake walipiga vigelegele, na Mbuyu alipiga kuliko wote. Watoto walikimbia kutoka mlango hadi mlango. Isaïe alikaa kwenye cherehani, akatandika kitambaa cheupe. Aliona kila uzi.

Septemba, wasichana wa bweni waliingia kanisani na sare mpya. Hapakuwa na doa hata moja. Kyabu alisimama nyuma, machozi yakimtoka, hakuyafuta.

Mwaka uliofuata watu wa safu ya nyuma walikwenda ofisini wakiwa pamoja, wakauliza bei ya kila kitu. Walihitaji nguzo mbili tu, kwa sababu umeme ulikuwa umekwisha kuwakaribia. Baada yao ikafuata safu nyingine.

Zamani, wasafiri wa treni waliotoka Bukama jioni walipita hapo gizani bila kujua kwamba ni kijiji. Sasa wanapoona taa zile huanza kusimama na kushusha vikapu vyao. Hudhani wamekwisha kufika Kamina.