Mwanga wa Chini ya Mlango

Haya yalimkuta rafiki yangu Kefa, mpiga picha wa Mandewa, mchana wa kuamkia kuanua matanga ya mama yake. Chozi lilikuwa halijamtoka. Alitaka tu picha ya chumba cha marehemu kabla nguo hazijagawanywa. Akajifungia peke yake, akaziba dirisha kwa bati, akabakiza tundu la msumari tu. Kwa mwanga huo picha ingechukua nusu saa, na mwanga mwingine wowote ungeiharibu.

"Dada Luciana!" akamwita dada yake aliyekuwa uani. "Mwanga unapita chini ya mlango. Hebu ziba kwa blanketi."

Gizani akasikia blanketi likiburutwa sakafuni, likishindiliwa taratibu. Mwanga ukakatika.

"Asante, dada."

Nusu saa ilipotimia, akavuta mlango. Ukagoma. Akainama, akapapasa.

Blanketi la mama lilikuwa limeshindiliwa kwa ndani.