Bibi Harusi Tumboni mwa Glasi

Watu husema macho hayana pazia. Si kweli: macho yana kope, hufumbika. Kisicho na pazia ni glasi.

Walikutana sokoni, kwenye msongamano. Binti alibeba boksi la glasi za dukani kwake. Kijana alikuwa akirudi kinyumenyume, kamera usoni.

"We kaka, una macho kisogoni?"

"Sina, dada. Nina studio. Nikizipiga picha glasi zako, watu watazinunua hata bila kiu."

Binti akacheka. Tangu hapo akawa Bilauri wake. Kijana akawa Bwana Taa.

Glasi haimulikwi usoni, itameta kama kipara. Bwana Taa huwasha taa nyuma ya kitambaa cheupe, kisha hutundika vitambaa vyeusi kushoto na kulia, kingo za glasi zichoreke kama zimepakwa wanja. Asubuhi moja kitambaa cheusi kimoja kilipungua. Akavuta kile kilichofunika kitu pembeni mwa chumba, akapiga picha, akamtumia Bilauri.

Bilauri aliikuza picha kwenye simu. Tumboni mwa glasi, amepinda kama sura mgongoni mwa kijiko, alisimama bibi harusi: gauni jeupe, shela, mikono mirefu.

Akapiga simu.

"Bibi harusi wako hajambo?"

"Mpenzi... nani kakuambia?"

"Kumbe yupo!"

"Nilitaka ujue Jumamosi, mbele ya mama."

"Mbele ya mama!"

Hata duka hakufunga. Aliingia studio na aproni yake, kilemba kimelegea, akamvamia bibi harusi, akamvuta mkono. Chwaa! Mkono ukamtoka mzima. Shela likaanguka.

Bibi harusi hakuwa na kichwa.

Lilikuwa sanamu la fundi cherehani la kupimia nguo, limevikwa gauni.

"Ni vipimo vyako," Bwana Taa alisema. "Dada yangu alikupima akisingizia anakushonea aproni. Nilitaka kukuposa Jumamosi. Basi niambie sasa: utakubali nikuoe?"

"Nakubali, mwehu wangu."

"Na wifi yako utamwomba radhi? Kauhangaikia sana huo mkono."

Bilauri aliukunja mkono wa gauni, akautia mfukoni mwa aproni.

"Siombi. Mmenificha bibi harusi, kumbe bibi harusi ni mimi. Nitalivaa hivyo hivyo, mkono mmoja. Na radhi siombi."