Kitu Kilichofagia Mchanga

Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, Abei alishuka na debe lake hadi lagani, kwenye mto mkavu wa Tarach. Tarach ni mto kwa jina tu. Miezi mingi ya mwaka ni mchanga mtupu, na mwenye kiu hana budi kuchimba. Abei alikuwa na kisima chake, shimo la kina cha kiuno, na sheria ya kisima aliijua tangu utotoni: ukishachota, funika kwa matawi ya miiba. Usipofunika, atatumbukia mbuzi, au mtoto, au mtu mzima asiyeona vizuri.

Abei alikuwa na miaka kumi na miwili. Wazazi wake walikuwa Longech, huko ziwani, wakivua samaki, naye aliachwa Kakuma kwa nyanya yake, Akal, ili asome. Nyanya Akal macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini ulimi wake ulikuwa haujaingia kitu. Alimtania Abei kuanzia alfajiri hadi jioni, na Abei alimpenda kupita watu wote.

Alhamisi moja ya mwaka 1975, kengele ya shule ililia Abei akiwa bado anachota. Mwalimu Cornelius hakuwa na mchezo na wachelewaji. Abei aliyatazama matawi ya miiba, kisha akaitazama njia. "Nitarudi saa sita," akajiambia, akajitwika debe, huyoo! Haraka haraka haina baraka, sote tunajua, lakini ni nani huikumbuka methali kengele ikilia?

Saa sita alirudi kweli. Jua lilikuwa la utosi na upepo umekufa kabisa. Hata njiwa walikuwa wamenyamaza. Katikati ya laga, vumbi jembamba lilisimama wima, likazunguka peke yake, likatoweka. Ndipo Abei aliposikia mtu akiguna.

Nyanya Akal alikuwa amelala ubavu mchangani, macho ameyafumba, midomo imekauka. Kutoka ukingoni mwa shimo hadi pale alipolala palikuwa na mburuzo mrefu. Alikuwa ametumbukia, akatoka, akajivuta kwa viwiko.

Sasa sikiliza alichofanya Abei. Hakumkimbilia nyanya. Alilikimbilia shimo! Alivuta miiba akaliziba, akaokota tawi la mkoma, akafagia mchanga, fyu, fyu, fyu, mpaka mburuzo ukafutika na nyayo zote zikafutika. Baada ya hapo ndipo akapiga yowe.

Baba yake mdogo, Lokeno, alifika wa kwanza na wanaume wawili. Akautazama mchanga kwa muda mrefu.

"Ameangukaje hapa? Hakuna jiwe, hakuna mzizi. Kisima kimefunikwa. Hata nyayo za kuja kwake hazionekani!"

Nyanya Akal akafumbua macho. "Ardhi ilifunguka," akanong'ona. "Ikanishika mguu. Nikajinasua. Halafu nikasikia kitu kikifagia mchanga, karibu yangu hivi. Kilikuwa kinafuta njia yake."

Wanaume wale, wasiomwogopa hata fisi, walirudi nyuma hatua moja moja. Walimbeba bibi juu ya ngozi ya ng'ombe, wakaondoka bila kugeuka.

Nyumbani mambo yalizidi. Alasiri ile mguu wa kulia wa Nyanya ulianza kugeuka, polepole, bila mtu kuugusa, mpaka unyayo ukalala ubavu na kidole gumba kikatazama ukutani. Kulipopambazuka, mguu ulikuwa umefupika. Lokeno alipima kwa kuweka visigino sambamba. Ulikuwa umepungua vidole vitatu.

"Ni ngipian," wanawake wakanong'onezana, wakimaanisha pepo wabaya wa nyikani. "Kilichomvuta jana kingali kinamvuta."

Abei alimletea Nyanya maji. Mkono wa bibi ukamshika, mkavu na wa moto. "Usiende lagani peke yako, mjukuu wangu. Kitu kile kitakuchukua na wewe."

Abei alitaka kusema, lakini akawaza: Ukisema sasa, watu watajua ulifanya nini jana. Alitoka nje akalia nyuma ya zizi. Jambo la ajabu ni kwamba hata yeye, aliyejua ukweli wote, alianza kuuogopa mguu ule.

Asubuhi hiyo aliitwa Mzee Epuyo, mwaguzi. Alivua viatu vyake vya ngozi, akavirusha juu, akatazama jinsi vilivyoanguka. Akarusha tena, na tena. Mara tatu kiatu kimoja kililala kifudifudi juu ya kingine.

"Kuna kitu kimefunikwa," akasema, "lakini sikioni." Akaagiza mbuzi achinjwe, akasoma matumbo yake, akatikisa kichwa. "Asivushwe laga mpaka tukijue."

Basi hapo ndipo palipokuwa na kazi, kwa maana barabara ya Lodwar, kwenye hospitali, ilikatiza laga karibu kabisa na kisima kile.

Saa tano akaja Bwana Barasa, dresa wa zahanati, yaani mhudumu wa kufunga majeraha, mtu wa Bungoma aliyekaa Kakuma mpaka akazoea joto. "Ejok," akasalimu, akapiga magoti. Aliutazama mguu uliogeuka, akagusa nyonga kwa ncha za vidole. Nyanya akalia kwa uchungu.

"Mama amevunjika mfupa wa paja," akasema. Akawaona hawakusadiki. Akageukia nyama ya yule mbuzi. "Mzee Epuyo, wewe umesoma matumbo. Niruhusu na mimi nisome paja."

Mzee alicheka kidogo, akampa. Barasa akaukwangua mfupa kwa kisu mpaka ukang'aa.

"Huu wa mbuzi ni mdogo, lakini umefanana na wetu. Mwilini hakuna mfupa mrefu wala wenye nguvu kuushinda. Huku juu una kichwa, mviringo kama mpira, kinachoingia kwenye kikombe cha nyonga. Chini ya kichwa kuna shingo, nyembamba, imelala mshazari. Kisha huu mwili mrefu ulionyooka, na mwisho vifundo viwili vinavyokalia goti."

"Na huvunjikia wapi?" Lokeno akauliza.

"Kijana akianguka kutoka mtini au akigongwa na lori, huvunjika hapa katikati, na damu nyingi humwagikia ndani ya paja. Wengine huvunjika huku karibu na goti. Lakini mtu mzima kama mama, mifupa imekuwa myepesi, huvunjika shingoni. Hata kwa kuanguka kidogo tu."

"Na nani anauvuta?"

"Nyama zake mwenyewe," Barasa akasema. "Paja lina misuli minene. Mfupa ukiwa mzima, unaizuia. Ukikatika, misuli inauvuta mguu juu, ndiyo maana umefupika. Na kwa kuwa hauna tena wa kuushika, unyayo unalala nje."

Watu wakatazamana. Lokeno akasugua kidevu.

"Daktari, nimekuelewa. Mfupa umevunjika. Lakini ni nani aliyeuvunja? Mchanga ni tambarare! Kisima kimefunikwa! Mama mwenyewe alikisikia kikifagia. Nikimpitisha pale tena, kikimalizia kazi yake, utaniambia nini?"

Barasa akatazama saa yake. "Gari la serikali linaondoka saa sita. Jingine ni baada ya wiki mbili. Mtu wa umri huu akilala wiki mbili, kifua kinajaa na mgongo unaoza. Nimeshazika watu, Bwana Lokeno. Hawakuuawa na mfupa. Waliuawa na kulala."

"Asivushwe," Lokeno akasema. "Nasema asivushwe!"

Abei alikuwa amesimama mlangoni. Kutoka barabarani alisikia dereva akiwasha injini kuijaribu.

"Ni mimi," akasema.

Hakuna aliyemsikia. Akasema tena, kwa nguvu, mpaka sauti ikakwaruza. "Ni mimi niliyefagia! Kisima nilikiacha wazi. Nyanya alitumbukia. Nilikifunika nilipomkuta ameshaanguka, nikafagia mchanga ili nisijulikane. Hakuna kitu lagani, baba mdogo. Ni mimi!"

Lo! Lokeno aliinua fimbo yake, na Abei hakukimbia. Mzee Epuyo akaushika mkono ule.

"Mwache," akasema. "Viatu vyangu vilisema kuna kitu kimefunikwa. Mtoto amekifunua. Wewe beba mama yako."

Lokeno alishusha fimbo. Alimtazama Abei kwa jicho ambalo Abei hakulisahau, kisha akapaza sauti, "Leteni ubao!"

Barasa aliweka blanketi lililokunjwa katikati ya miguu ya Nyanya, akaufunga mguu mbovu pamoja na mzima kwa vitambaa vipana, ili usicheze njiani. Abei aliruhusiwa kukaa nyuma ya gari, akimshikia Nyanya kichwa. Walivuka laga saa sita kamili. Jua la utosi, upepo umekufa. Vumbi jembamba likasimama mchangani, likazunguka, likatoweka, na ingawa alijua hakuna kitu, Abei alifumba macho mpaka wakafika ng'ambo.

Lodwar, daktari aliweka picha ya eksirei dirishani. Ndani ya weusi ule Abei aliuona mfupa wa nyanya yake, mweupe kama maziwa, na shingo yake imekatika palepale Barasa alipoonyesha. Mguu ulifungwa kamba yenye uzito mwishoni, uvutwe unyooke, mpaka alipokuja kwa ndege ndogo daktari wa upasuaji akaiunga shingo ile kwa msumari wa chuma.

Miezi mitatu ikapita. Nyanya Akal alirudi Kakuma akichechemea kwa mkongojo, ulimi wake mkali kama zamani. Asubuhi ya pili akataka kupelekwa kisimani.

Abei alimwongoza. Nyanya akapapasa mchanga kwa mkongojo mpaka ukagusa miiba. Abei alikuwa akiungojea ukali wake tangu Lodwar, na sasa alijua umefika.

"Siku ile nililala hapa nikisikia fyu, fyu," Nyanya akasema. "Nilijua nakufa. Nilikiogopa kitu kile kuliko nilivyoogopa maumivu. Kumbe nilikuwa nakuogopa wewe, mjukuu wangu."

Abei alilia kwa sauti. Nyanya akamwacha alie, kisha akaweka mkono begani pake na kuegemea kwa uzito wake wote, kama mtu anayeegemea nguzo anayoiamini.

"Mfupa uliuvunja kwa haraka, na haraka ni ya kila mtoto. Hilo nilikusamehe siku ileile. Lakini uwongo ungeniua, na watu wangemlaumu shetani asiye na kosa. Shimo lifunike, Abei. Kosa lifunue. Umesikia?"

"Nimesikia, Nyanya."

"Haya, chota maji. Kengele inakaribia kulia."

Abei alichota debe lake. Kengele ikalia akiwa bado anapanga miiba. Akaipanga yote, tawi moja moja, akazunguka shimo kuhakikisha hakuna pengo. Siku hiyo alichelewa shuleni, akamweleza Mwalimu Cornelius sababu.