Magari ya Mzee Malachy

Jumanne moja ya mwezi wa Aprili, mtu ambaye hakuna aliyemtarajia aliegesha gari jeupe kwenye njia panda ya Carrowmoy, akashusha kiti cha kukunja, akavaa koti la rangi ya chungwa lililompwaya mabegani, akaketi. Mkono wa kushoto alishika ubao wenye karatasi. Wa kulia alishika kidude cha chuma kinacholia tik kila kikibonyezwa. Gari likipita, anabonyeza.

Gari geni likisimama Carrowmoy kwa dakika kumi, watu huanza kukumbuka shughuli walizosahau dukani. Attracta Feely, mwenyekiti wa kamati ya kupinga barabara kuu, alipita akienda kununua stempu. Akapita akirudi. Akapita tena kwa kuwa stempu hazikutosha. Kufikia saa nne habari ilikuwa imeenea: kijana anaitwa Colman Heaphy, mtu wa Cork, na ametumwa na kampuni ya wachora barabara kuhesabu magari kwa siku saba.

Barabara kuu hiyo ingekuwa ya njia nne. Ingewapunguzia watu wa mjini dakika kumi na nane za kufika baharini. Ilichorwa ikate kijiji katikati, kanisa na makaburi yabaki upande huu, shule na uwanja upande ule, na nyumba ya Malachy Scanlon, iliyo pale pale njia panda, ilale chini ya lami. Kila ua wa miti ulikuwa na kibao cha kuikataa barabara. Hata hivyo saa tano mvua ilipoanza, Mzee Malachy mwenyewe alitoka na kikombe cha chai na kipande cha mkate wa soda chenye siagi.

"Ninayegombana naye ni barabara," alisema. "Wewe unanyeshewa tu. Kunywa."

Malachy alikuwa mjane wa miaka sabini na minane, mwenye kofia ya bapa ambayo hakuivua hata mezani. Aliketi kwenye ukuta wa mawe akamuuliza kijana kazi yake inakwendaje, na alipokwisha kuelezwa, akafikiri kidogo.

"Mke wangu alipozikwa yalikuja magari mia tatu na kumi. Padri ndiye aliyehesabu. Siku yangu ikifika, utanihesabia? Nataka kujua kama nimemfikia."

Colman alicheka, akasema atamhesabia.

Binti pekee wa mzee huyo, Dervla, aliendesha gari la maktaba ya wilaya, gari refu la kijani lenye rafu za vitabu ubavuni. Alikuwa na miaka thelathini na moja, nywele nyeusi alizozikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni, sweta ya sufu yenye viraka viwikoni, na mabuti ya mpira. Miaka sita nyuma aliacha kazi Dublin akarudi kukaa na baba yake. Wenzake wa rika lake walikuwa Sydney na Toronto, na simu zao zilikuja wakati wa Krismasi. Siku nzima watu walipanda garini mwake kuchukua vitabu, wakamuuliza hali ya baba, kisha wakashuka. Yeye mwenyewe hakuna aliyemuuliza hali yake.

Alipita njia panda mara nne kwa siku. Jumanne ile, mara ya tatu, alisimamisha gari akashusha kioo.

"Umenihesabu?"

"Mara tatu," Colman alijibu bila kuinua kichwa.

"Nikirudi nyuma kidogo, halafu nikaja tena?"

Hapo aliinua kichwa. "Utakuwa umeharibu takwimu za serikali, dada."

"Basi ngoja."

Alirudi nyuma mita ishirini, akaja tena polepole, akimtazama. Colman alibonyeza. Hakuwa na ruhusa ya kutobonyeza. Lakini masikio yake yaligeuka mekundu hadi juu, na Dervla aliondoka akicheka peke yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

Jumatano alimpa jina la Bwana Hesabu. Alhamisi alfajiri, Mzee Malachy alikufa kwenye kiti chake, buti moja mguuni na jingine mkononi.

Ijumaa nzima watu walikuja nyumbani kumuaga. Jumamosi alizikwa. Barabara zote nne za njia panda zilijaa. Walikuja wafugaji aliowasaidia kuzalisha kondoo, wakaja wachezaji wazee wa timu ya mwaka ambao hakuna aliyeukumbuka vizuri, wakaja watu ambao Dervla hakuwajua kabisa na waliolia kuliko yeye. Colman alivua kofia, akabaki amesimama mvuani kando ya kiti chake, akibonyeza. Pembeni mwa karatasi yake aliandika neno moja: mazishi.

Jioni kabla jua halijazama aligonga mlango wa nyuma. Nyumba ilikuwa imejaa akina mama na sahani za mikate. Alimpa Dervla kipande cha karatasi alichokichana kwenye daftari.

"Aliniomba," alisema.

Karatasi iliandikwa: *Magari ya Mzee Malachy, 472.*

Dervla aliisoma mara mbili. Alijifunika uso kwa taulo la vyombo, na Colman, ambaye hakujua aweke wapi mikono yake, alichukua kikombe kwenye sinki akaanza kukiosha. Aliosha vyote. Akina mama walimtazama, wakatazamana.

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza. Kila siku saa kumi na mbili jioni, Dervla alipoegesha gari la maktaba, simu yake iliita. Waliongea juu ya vitu vidogo, mtu aliyerudisha kitabu na kipande cha nyama kimebaki ndani kama alama ya ukurasa, au jirani wa Colman huko Dublin alikoishi, aliyepiga zeze vibaya. Kila Jumapili ya pili Colman alikuja. Karatasi ile Dervla aliichomeka kwenye fremu ya kioo, na asubuhi akichana nywele aliiona, na nyumba ilipungua ukimya.

"Unajua kila ukija unawaongezea gari moja kwenye hoja yao," alimwambia Jumapili moja ya Julai, wameketi ukutani, kichwa chake begani mwa Colman. "Wakija kuhesabu tena, mpenzi, uje kwa miguu."

"Kutoka wapi?"

"Kutoka kituo cha mafuta cha Feerick. Ni kilomita kumi na nne tu."

"Unanichukia kumbe."

"Ahidi."

"Naahidi. Kwa miguu," alisema, akambusu.

Mwezi wa Septemba ripoti ya kampuni ikatoka. Kamati ilikutana katika ukumbi wa kanisa, na Attracta akaisoma kwa sauti huku miwani ikimteleza puani. Ukurasa wa hamsini na nane ulisema kwamba Jumamosi ya kawaida, njia panda ya Carrowmoy hupitisha magari mengi kuliko uwezo wake, na kwamba kati ya saa nne na saa saba mchana peke yake yalihesabiwa magari mia nne sabini na mawili. Kwa hiyo barabara kuu ni ya lazima.

Dervla aliinuka akatoka nje bila kuchukua koti. Alimpigia Colman simu akiwa amesimama kati ya makaburi.

"Umemtumia baba yangu," alisema.

Colman hakuelewa. Ilibidi Dervla amweleze ukurasa wa hamsini na nane.

"Niliandika pembeni kwamba ni mazishi. Niliandika, Dervla. Wamelitoa."

"Na wewe uliisoma ripoti kabla haijatoka?"

"Sikuletewa."

"Uliomba?"

Hakuwa ameomba. Mwezi ule ule alikuwa ameahidiwa kazi ya kudumu, na alikuwa amejifunza kutouliza maswali.

"Kuna kikao cha kusikiliza wananchi mwezi ujao," Dervla alisema. "Utasimama useme?"

"Nimesaini mkataba, mpenzi. Nitaona."

"Watu waliomzika baba yangu ndio wanaoibomoa nyumba yake. Na wewe utaona."

Alikata simu. Kesho yake saa kumi na mbili iliita, ikaita hadi ikanyamaza. Aliiangalia tu. Ikaita hivyo siku tisa, halafu ikaacha, na siku ya kumi Dervla alikaa ndani ya gari la maktaba na injini imezimwa hadi saa moja, akijidanganya kwamba anapanga vitabu. Nyumbani aliitoa karatasi kwenye kioo akaiweka droo ya visu. Alipika viazi vya watu wawili kwa mazoea, akala vyake, vingine akawapa kuku.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa hoteli mjini. Mkaguzi wa serikali, mzee mpole mwenye tai ya bluu, alikaa mbele. Attracta alisimama akakiri, bila aibu hata kidogo, kwamba Jumanne ile peke yake alipita njia panda mara tisa, na mara nane kati ya hizo alikwenda kumtazama kijana. Watu walicheka. Wengine kumi na wanne wakainua mikono kusema nao walifanya hivyo.

Dervla alivaa gauni jeusi la mazishi kwa kuwa hakuwa na jingine la heshima. Alisoma ile karatasi ya Colman. Wakili wa kampuni alisema kwa upole kwamba anampa pole, lakini kipande cha daftari chenye mwandiko usiojulikana si ushahidi.

"Mwandiko ni wangu," sauti ilisema kutoka nyuma.

Colman alikuwa amesimama mlangoni, suti imembana kifuani, nywele zimelowa. Alitembea hadi mbele bila kumtazama Dervla, labda kwa kuogopa kwamba akimtazama hataweza. Alitaja jina lake na jina la mwajiri wake. Alieleza juu ya neno aliloandika pembeni, na kwamba halimo kwenye ripoti.

Mkaguzi alimuuliza kama ana hakika magari yale yote yalikuwa ya mazishi.

"Gari la maiti nililihesabu pia, bwana," Colman alisema. "Ndilo lililokuwa la kwanza."

Hakuna aliyecheka hapo. Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu, kisha akaagiza magari yahesabiwe upya mwezi wa Novemba, kwa mashine. Nje, kabla ya chakula cha mchana, mkubwa wa Colman alinyoosha mkono, na Colman akatia humo funguo za gari jeupe. Dervla alipofanikiwa kupenya katikati ya watu, basi la Dublin lilikuwa limeshaondoka.

Ilimchukua Dervla wiki tatu kupiga simu. Alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga, yote yakamtoka akilini.

"Bwana Hesabu," alisema.

"Naam."

"Unafanya kazi gani siku hizi?"

"Kwa sasa naosha vyombo. Kuna mtu alisema nina kipaji."

Dervla alicheka, kisha akalia kidogo, naye Colman akamngoja. Dervla alimwambia mashine zitawekwa Jumatatu. Alimwambia kamati imekubaliana kila mtu aishi kama kawaida, asijifiche na asizidishe, ili hesabu iwe ya kweli hata kama itawaumiza. Mwisho alimwambia aje Jumamosi. Colman alisema atafika saa nane.

Mashine zenyewe zilikuwa mipira miwili myeusi, mirefu kama ya kumwagilia maji, iliyolazwa kukatiza barabara mbele ya geti la Scanlon. Gari likipita ilipiga tap-tap. Jumamosi hiyo Dervla alichana nywele, akavaa blauzi nyekundu aliyonunua Dublin zamani, akaweka vikombe viwili, akakaa dirishani. Mvua ilinyesha ya ubavu. Saa nane ikapita. Tap-tap, akainuka. Lilikuwa gari la maziwa. Saa tisa. Tap-tap. Padri. Alipiga simu ya Colman, haikuita kabisa. Saa kumi alikirudisha kikombe kimoja kabatini. Aliwaza kwamba amemwomba mtu aitoe kazi yake, naye akaitoa, halafu yeye akamnyamazia wiki tatu. Asingemlaumu.

Saa kumi na nusu, tap-tap, Attracta aliingia uani amefura.

"Yule mtu wako ana kichwa kizima? Yuko kule darajani anachechemea kama bata. Nimemwambia apande, amekataa. Mimi, nikataliwe lifti, mvua kama hii."

Dervla alitoka kama alivyo. Kwenye mteremko, mbali, koti la mvua la buluu lilikuwa linakuja. Lilikuja polepole mno. Alisimama getini hadi alipouona uso wake, kisha viatu vyake, vile vile vya kikao, kimoja kimefungwa kwa kamba ya mfuko ili soli isitoke.

Colman alisimama upande wa pili wa mipira.

"Gari la dada yangu liko kituoni kwa Feerick," alisema. "Simu imelowa. Nimechelewa kwa sababu watu kumi na mmoja walisimama kunichukua, na kila mmoja ilibidi nimweleze. Nadhani kijiji kizima kimeninunia."

"Colman. Ungepanda kwa Attracta gari lisingeongezeka. Yeye alikuwa anakuja hata hivyo."

"Najua."

"Sasa?"

"Nilikwambia kwa miguu," alisema. "Sikukwambia nitaona."

Dervla alitoka getini. Alinyoosha mkono juu ya mipira. Colman aliinua mguu uliochubuka, akauinua juu kama mtu anayemvuka mbwa aliyelala, akauvusha juu ya ule mpira wa kwanza, halafu wa pili. Mipira haikulia.