Mikono Miwili ya Kushoto

Kila Jumamosi asubuhi Pini alifagia vipande vya nguo chini ya cherehani, akapanga nyuzi kwa rangi, kisha akawasha pasi. Wateja ndio waliompa jina hilo, kwa sababu tangu utotoni alimshikia mama yake kopo la pini. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mama yake, fundi aliyesifika mtaa mzima, alikuwa amepokea kazi ya magauni kumi na mawili ya kwaya ya shule.

"Shona moja," mama alimwambia. "Likikaa vizuri, tutashona yote pamoja. Ukiliharibu, utarudi kwenye vifungo na pindo."

Pini alikuwa ameisubiri siku hiyo kwa hamu. Lakini aliamka tumbo limejaa, kiuno kinavuta, na ana hasira asiyojua imetoka wapi. Hakula chochote ila bisi za chumvi, akazisindikiza kwa vikombe vitatu vya chai nzito. Mdogo wake alipomuuliza kama ameamka salama, alimjibu, "Kwani wewe daktari?" Mtoto wa watu akakimbilia nje.

Kufika saa tano, mama aliliinua gauni aliloshona Pini, akalitazama mbele na nyuma.

"Mwanangu, huyu mwanakwaya ana mikono mingapi ya kushoto?"

Pini akaangalia. Kweli, yote miwili ilikuwa ya kushoto. Akaangua kilio.

"Mwanzo wa mwezi zipu, leo mikono," mama alisema. "Huu ni uvivu. Rudi kwenye vifungo."

Wakati huo shangazi yake Pini, muuguzi wa zahanati, aliingia kuchukua sare yake.

"Shikamoo shangazi," Pini alisema huku akifuta machozi.

"Marahaba, mwanangu. Wifi, mbona leo duka limenuna?"

Mama akamweleza. Shangazi alimtazama Pini aliyekuwa amejishika tumbo, kisha akaomba daftari la vipimo. Humo mama aliandika kila kazi ya Pini iliyofumuliwa, na tarehe yake, ili kosa lisirudiwe.

"Kola, tarehe tano mwezi wa tatu," shangazi alisoma. "Zipu, tarehe mbili mwezi wa nne. Mikono, leo tarehe thelathini. Kila baada ya wiki nne. Pini, baada ya zile tarehe mbili za mwanzo, hedhi yako ilianza lini?"

Pini aliinamisha kichwa kwa aibu. "Siku mbili tatu baadaye." Kisha akatoa begini chupa ya dawa ya maji. "Rafiki yangu alinipa. Alisema inasawazisha homoni kwa siku moja. Sijainywa bado."

Shangazi aliinusa, akakunja uso. "Imetiwa nini?"

"Sijui."

"Basi usilitume tumbo lako likachunguze."

Hata mama alicheka. Shangazi akaketi karibu na Pini. "Homoni ni wajumbe wa mwili. Siku chache kabla ya hedhi hubadilika, ndiyo maana wengine hujaa tumbo, huumwa kiuno, na hasira huwajia bila kubisha hodi. Si uvivu, wala si ugonjwa. Lala mapema. Kula maharage, mboga na matunda, usishinde na njaa. Punguza chumvi na chai nzito. Tembea kila siku, na kiuno kikivuta, kikande kwa kitambaa cha moto. Havitaondoa kila kitu, ila vitakupunguzia. Maumivu yakikulaza kitandani, njoo zahanati, tusibahatishe."

"Na hasira?" Pini aliuliza.

"Weka alama kwenye kalenda. Ukijua inakuja, utaipokea vizuri. Kwa umri wako tarehe zinaweza kurukaruka, usishtuke."

Mwezi uliofuata Pini na mama walitembea kila jioni hadi sokoni na kurudi. Mama alimrudishia kazi ya magauni, wakaipanga upya: kukata na kupachika mikono kulifanywa katika wiki za mwanzo, na vifungo vikaachwa kwa zile siku za kabla ya hedhi. Zilipofika, kiuno kilivuta kidogo, akakikanda na kuendelea na kazi. Siku moja tu alimfokea mdogo wake, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshamwomba radhi.

Siku ya kwaya, magauni kumi na mawili yalisimama jukwaani, kila moja na mkono wa kulia na wa kushoto. Mama alimvuta Pini karibu.

"Nisamehe, mwanangu. Nimepima mtaa mzima, wewe nikakuita mvivu bila hata kukuuliza unaumwa wapi. Na wewe usinifiche tena. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwili wako si aibu. Ukiujua na kuutunza, na ukisema mapema pale unapokuuma, utakusaidia katika kazi zako zote."

"Nitasema, mama," Pini alijibu.

"Haya, Jumatatu kuna sare za wapishi. Utakata wewe."