Mkono Uliomtuliza Gail

Mwaka ambao mama yetu mkubwa, Lorna Wadleigh, alikuwa anamaliza sekondari, vuli ilikuwa nzuri kuliko kawaida. Hadi mwisho wa Oktoba miti ilikuwa bado imevaa majani mekundu, na katika mji wetu mdogo wa kaskazini mwa Boston watu walikuwa bado wanaanika nguo nje. Nasimulia kama Lorna alivyomsimulia mama yangu, mdogo wake, ambaye hakuwa mtu wa kutia chumvi.

Siku hizo Mwalimu Eldredge alikuwa akifundisha ile tamthilia ya kesi za wachawi. Kwetu kila mwanafunzi huisoma, maana mambo yenyewe yalitokea hapahapa yapata karne tatu zilizopita, kwenye mashamba ambayo leo yana maduka na kituo cha mafuta. Mababu zetu wacha Mungu waliwanyonga majirani zao kwa sababu wasichana wachache walianguka na kupiga kelele. Sisi tulilelewa kuwacheka.

"Kuna jambo moja mwandishi hakuliweka," Mwalimu Eldredge aliwaambia. "Kipimo cha kugusa. Msichana akianguka, mshtakiwa huletwa na kulazimishwa kumshika mkono. Akitulia, mshtakiwa amekwisha. Uchawi umerudi kwa mwenyewe."

"Na asipotulia?" aliuliza kijana mmoja wa nyuma.

"Wanangoja, Haskell. Mwishowe kila mtu hutulia."

Darasa likacheka. Ili wakione wenyewe, akawataka wakiigize. Gail Pettengill alijitolea kuanguka. Gail alikuwa rafiki wa Lorna tangu chekechea, na kuigiza ndiko kulikokuwa kumejaa kichwani mwake. Lorna, ambaye hakupenda kutazamwa, alipewa nafasi ya mjane anayeshtakiwa kwa kuwa haikuwa na maneno mengi.

Gail akajitupa kati ya madawati. Kidevu kikapanda juu, mkono wa kushoto ukapiga sakafu kama samaki aliyetolewa majini. Lorna akainama, akamshika kifundo cha mkono. Gail akatulia.

Wakapiga makofi. "Wewe utaenda kwenye sinema," Haskell alimwambia Gail. "Na mwenzako ataenda kitanzini."

Gail alipoinuka hakucheka. Alimsogelea Lorna sikioni. "Mkono wako baridi hivyo kwa nini?"

Lorna alikuwa ameketi karibu na bomba la joto asubuhi nzima. Viganja vyake vilikuwa vinatoka jasho.

Jioni alimkuta bibi yake, Nana Winifred, jikoni akimenya matufaha ya pai. Alimweleza ya darasani kama kichekesho.

"Umecheza nani?" Nana aliuliza.

"Yule mjane anayegusa."

Kisu kikasimama. "Kwetu hatumchezi huyo," Nana alisema, kisha akaendelea kumenya. Ganda refu alilokuwa akilimenya lilikatika, jambo ambalo Lorna hakuwahi kuliona likimtokea.

Kesho yake, wakiwa wanakula mchana katika bwalo la shule, Gail aliweka kijiko chini kwa uangalifu. Kidevu chake kikapanda juu.

"Acha mchezo, shoga," Lorna alisema.

"Siwezi," Gail alisema kwa meno yaliyobanana. "Lorna, siwezi."

Mkono wa kushoto ukaanza kupiga meza. Lorna akaushika. Ukatulia hapohapo.

Kufikia wiki iliyofuata walikuwa wanaanguka wasichana wengine pia, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiwa na kidevu kilekile kilichoinuka na mkono uleule wa kushoto. Madaktari waliwapima damu na vichwa, hawakuona kitu. Mwalimu Eldredge aliwaeleza wazazi kwamba hofu huambukiza kama mafua, kwamba hicho ndicho tamthilia inachofundisha. Wazazi waliitikia kwa vichwa. Walikuwa watu waliosoma.

Mwanzoni Lorna alipendwa. Muuguzi wa shule alimfuata mwenyewe darasani. "Njoo, mwanangu, mwingine tena." Alimshika huyu, akamshika yule, wakatulia. Mama mmoja alimletea keki.

Kisha Haskell aliuliza kwa sauti, kwenye foleni ya chakula, swali ambalo kila mtu alikuwa nalo. "Mbona wakishikwa na muuguzi hawatulii?"

Hakuna aliyecheka.

Siku hiyo watu walianza kukaa meza nyingine. Lorna aliamua hatamgusa mtu tena. Gail alipoanguka kwenye ngazi, Lorna alisimama juu yake akiwa ameficha mikono kwapani, huku kichwa cha rafiki yake kikigonga kona ya saruji.

"Unamtazama tu?" msichana mmoja alimwambia. "Una roho gani?"

Damu ikaanza kutoka. Lorna akamshika. Gail akatulia.

"Mmeona?" mwingine alinong'ona.

Akigusa, ni mchawi. Asipogusa, ni mchawi asiye na huruma. Jioni ile alimwambia Nana kwamba mkuu wa shule anataka kumwondoa, na kwamba wazazi wa Gail wamemkataza kufika nyumbani kwao. "Nitafanya nini, Nana? Niambie tu cha kufanya."

Nana alifunga mlango wa jikoni ili mdogo wake Lorna asisikie. Mama yangu alisikia.

"Watu wakiuliza, tunasema katika familia yetu hakunyongwa mtu," Nana alisema. "Ni kweli. Sisi tulikuwa wale walioanguka. Patience, wa ukoo wetu, alikuwa na miaka kumi na miwili. Walimleta jirani yake, mjane aliyeitwa Dorcas, mwenye kidole kimoja kilichokatwa na shoka. Akamgusa Patience. Patience akatulia. Kwa hilo wakamnyonga."

"Patience alikuwa anajifanya?"

"Mwanzoni."

"Na baadaye?"

Nana alitazama tena mlango. "Baadaye hakuwa na wa kumtuliza. Alikuwa akianguka, anamwita Dorcas. Na wakati mwingine, wazee walisema, Dorcas alikuja."

Jumapili baada ya ibada wazazi walikutana katika ukumbi wa kanisa. Kulikuwa na kahawa na biskuti. Baba yake Gail alizungumza kwa upole sana. "Hakuna hapa anayeamini uchawi. Sisi si kama wale wa zamani. Tunataka tu kumwondolea binti huyu maneno ya watu."

Aliyeleta wazo ni Mwalimu Eldredge, na alilileta ili amwokoe. Gail afungwe kitambaa machoni. Watu waliomo wamshike mmoja mmoja, asijue ni nani. Akitulia kwa mkono wowote akidhani ni wa Lorna, itajulikana kwamba yote yamo kichwani mwake. Kila mtu aliona ni jambo la akili.

Lorna peke yake aliona kilichokuwa kinafanyika. "Mwalimu," alinong'ona, "hiki ni kipimo kilekile."

"Hapana, Lorna. Hiki ni cha kisayansi."

Walimweka Lorna mlangoni, mwisho wa ukumbi, mikono nyuma, muuguzi akiwa amemshika. Gail aliketi kitini katikati, kitambaa machoni. Hawakungoja sana. Kidevu kikapanda. Mkono ukaanza kupiga ubavu wa kiti.

Mama yake akamshika. Hakutulia. Mchungaji akamshika. Hakutulia. Mwalimu Eldredge alipiga magoti, akasema kwa sauti ili asikie, "Huyu sasa ni Lorna," akamshika kwa mikono miwili.

Gail akazidi. Kiti kikaanza kuhama sakafuni. Povu likamtoka mdomoni.

Mwalimu akamwachia, akarudi nyuma. Uso wake ulikuwa umepauka. Hakuna aliyekuwa karibu na Gail sasa. Kulikuwa na sakafu tupu pande zote.

Gail akatulia.

Kidevu kikashuka. Mkono wa kushoto ukainuka kidogo, ukabaki hewani, kama umeegemezwa. Waliokaa mbele waliona ngozi ya kifundo ikibonyea. Hapa. Kisha hapa. Kisha hapa.

"Asante, Lorna," Gail alisema kwa sauti ya mtu anayesinzia. "Leo umekuwa baridi zaidi."

Ukumbi mzima uligeuka kumtazama Lorna, kule mlangoni, mikono yake ikiwa bado nyuma. Muuguzi akamwachia taratibu, kisha akajifuta viganja kwenye sketi.

"Sikumgusa," Lorna alisema. "Mmeniona. Sikumgusa."

"Tumeona," baba yake Gail alisema.

Hakurudi shuleni. Alipelekwa kwa ndugu huko Maine, na wasichana wote wakapona. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Angalau mmoja angeendelea kuugua," alimwambia mama yangu, "ningekuwa na la kusema." Mwalimu Eldredge aliacha kazi mwaka uleule. Shule bado inaisoma tamthilia ile kila vuli.

Mama mkubwa hakuolewa, na hakuwahi kutubeba tukiwa wachanga. Alitupenda kutoka upande wa pili wa meza. Alifariki mchana katika nyumba ya kutunzia wazee. Mama yangu alipofika, mhudumu alimpa pole.

"Angalau hakuwa peke yake," alisema. "Alitetemeka sana asubuhi, tukashindwa kumtuliza. Halafu yule mama mwingine akaja kumshika mkono."

"Mama yupi?" mama yangu aliuliza.

Mhudumu alitazama korido, kisha akasema labda amechanganya vyumba.

Mama yangu akakunja mkono wa gauni la dada yake. Juu ya kifundo cha kushoto ngozi ilikuwa imebonyea alama za kidole gumba na vidole vitatu. Alizisugua kwa upole ili zijae. Hazikujaa. Kati ya kidole na kidole palikuwa na nafasi tupu ya kidole kimoja, na hapo ngozi ilikuwa bado na joto.